Akiba Iozayo

Lugha ya Kiswahili imelipokea neno kuhifadhi kutoka Kiarabu pamoja na maana zake mbili, na haikuona haja ya kuzitenga. Mtoto aliyeuweka Msahafu wote moyoni huambiwa amehifadhi. Na karani aliyezifungia barua kabatini naye huambiwa amehifadhi. Yumkini waliolitumia neno hilo zamani hawakuona tofauti kubwa baina ya mambo hayo mawili. Chuo kilichowekwa sandukuni kilitolewa na kusomwa mara kwa mara hata maneno yake yakakaa moyoni, na kilichokuwa moyoni kiliandikwa ili kisije kikaondoka na mwenyewe.

Zama hizi zimeongeza maana ya tatu. Mtu anavinjari kwenye intaneti, anakutana na makala, shairi au kamusi ya maneno ya kale. Anapendezwa, lakini hana wasaa. Anabonyeza alama ya nyota iliyo juu ya kioo, na kivinjari kinamjulisha kwamba ukurasa umehifadhiwa. Ukurasa huo haukuingia moyoni mwake, kwani hakuusoma. Wala haukuingia sandukuni mwake, kwani mashine haikuunakili. Kilichohifadhiwa ni jina la ukurasa, anwani yake, na saa alipoibonyeza ile nyota. Mtu huyo anaondoka ameridhika, kana kwamba amepata kitu. Baada ya miaka kumi ana alamisho elfu mbili au tatu, na siku anayoamua kuzipanga anajikuta mbele ya swali ambalo si la ufundi wa kompyuta hata kidogo: mtu aliyeweka anwani ya kitu amehifadhi nini? Na je, anao wajibu wowote kwa kile alichokiweka, au anaweza kukifuta chote kwa pigo moja na asiwe amemdhulumu yeyote, hata nafsi yake?

Jambo lenyewe si geni sana. Mwaka 1945 mhandisi wa Kimarekani, Vannevar Bush, alichapisha makala katika jarida la The Atlantic akiwaza juu ya mashine aliyoiita Memex, itakayomwezesha msomaji kuviunganisha vitabu na karatasi zake kwa njia alizozipitia mwenyewe, na kuzirudia njia hizo apendapo. Mashine hiyo haikuundwa, ila fikira yake ilidumu. Tim Berners-Lee alipobuni mtandao wa kurasa zilizounganishwa, pale CERN kuanzia mwaka 1989, haja ya kukumbuka njia ikazuka tena. Mosaic, kivinjari kilichotolewa mwaka 1993, kilikuwa na orodha ya kurasa ambazo msomaji amezichagua. Netscape, kilichofuata mwaka 1994, kiliita orodha hiyo kwa jina la ule utepe wa kitabuni. Na Internet Explorer ya Microsoft, mwaka 1995, ikaiita orodha ya vipendwa. Kiswahili cha vivinjari kimefuata njia ya utepe, kikasema alamisho.

Majina hayo mawili, alama na kipendwa, yana udanganyifu mdogo ndani yake, na inafaa kuutazama. Utepe wa Msahafu hukaa ndani ya Msahafu. Anayeufungua huona utepe na neno kwa pamoja, na haiwezekani utepe ubaki mkononi hali ya kuwa kitabu kimetoweka. Vivyo hivyo lile neno ambalo wanakili wa miswada ya Kiarabu walizoea kuliandika chini ya ukurasa ili kumjulisha msomaji ukurasa unaofuata utaanza na neno gani: alama hiyo ilikuwa sehemu ya chuo chenyewe. Alamisho ya kivinjari, kinyume chake, hukaa nyumbani kwa msomaji, na kitabu kiko ng'ambo, katika mashine ya mtu asiyemjua, inayolipiwa kwa mwaka au kwa mwezi. Haifanani na utepe. Inafanana zaidi na kikaratasi kinachosema kwamba kisimani kwa fulani maji ni matamu. Kikaratasi kinaweza kukaa mfukoni miaka ishirini, na kisima kikafukiwa mwaka wa pili.

Ama kuhusu jina la kipendwa, hilo nalo lina walakini. Aghalabu watu hawaalamishi wanachokipenda. Wanachokipenda hukisoma papo hapo. Hualamisha kile wanachotamani kuwa watu wa kukipenda: darsa za Kiajemi, historia ya Kilwa kwa sura ishirini, uchambuzi mrefu wa bahari za ushairi. Ndiyo maana orodha ya alamisho, ikisomwa kwa makini, haimweleza mwenyewe jinsi alivyo. Inaeleza jinsi alivyodhani, jioni moja ya mwaka fulani, kwamba atakuja kuwa.

Wahenga wamesema akiba haiozi. Usemi huo ulisemwa katika ulimwengu wa nafaka na fedha, na hata huko ulikuwa na sharti lake, kwa kuwa mtama nao huliwa na fukusi pasipokuwa na jivu na moshi. Katika akiba ya anwani, kuoza ndiyo kanuni. Taasisi ya utafiti ya Pew, ya Marekani, ilitangaza mwaka 2024 kwamba katika kila kurasa 100 zilizokuwapo mwaka 2013, kurasa 38 hazikufikika tena miaka kumi baadaye. Wanasheria wa Chuo Kikuu cha Harvard walichunguza viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na ripoti waliyoichapisha mwaka 2014 ilionyesha kwamba takriban nusu yake havikumfikisha tena msomaji kwenye maneno yaliyokusudiwa. Iwapo mahakama ya juu kabisa ya taifa tajiri haikuweza kuzilinda rejea zake, mpenzi wa mashairi wa Unguja au Lamu asijilaumu sana anapobonyeza anwani na kukuta nyumba tupu.

Kurasa hufa kwa sababu nyingi, na nyingi katika hizo si za uovu. Mwenye tovuti amefariki na hakuna anayelipa ada ya jina. Chuo kimebadilisha mpangilio wa seva, na kila anwani ya zamani imekatika ijapokuwa maandishi yenyewe yapo mahali. Gazeti limefungwa. Kampuni imeona biashara haina faida: Yahoo iliizima GeoCities mwaka 2009, na mamilioni ya kurasa ambazo watu wa kawaida walizitengeneza kwa mikono yao yakatoweka katika makazi yake ya asili. Hata maghala yaliyojengwa mahususi kwa ajili ya kuwekea alamisho hayakusalimika. Delicious, iliyoanzishwa mwaka 2003, iliuzwa na kuuzwa tena hadi ilipofungiwa alamisho mpya mwaka 2017. Na Pocket, ambayo watu wengi waliitumia kuwekea makala za kusoma baadaye, ilifungwa na Mozilla mwezi wa Julai 2025. Wale waliosema nitasoma baadaye waligundua kwamba baadaye nayo ilikuwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba ameuza.

Kuna kisa kimoja ambacho wanafunzi wa elimu ya dini wanakijua vyema, kilichopokewa na Subki katika kitabu chake cha tabaka za wanazuoni wa Kishafii. Imamu Ghazali, angali kijana, alisafiri hadi Jurjan kutafuta elimu, akaandika aliyoyasikia na kuyabeba katika mfuko. Njiani akirejea Tus, majambazi wakaupora msafara. Ghazali akawafuata, akamsihi mkuu wao amrudishie zile karatasi tu, kwani hazikuwa na faida kwao, na yeye alihama nyumbani kwao kwa ajili ya kuyasikia na kuyaandika yaliyomo. Jambazi akacheka, akamuuliza vipi anadai kuyajua hayo, ilhali wao wameuchukua mfuko na yeye amebaki bila elimu yoyote. Kisha akamrudishia. Inasimuliwa kwamba Ghazali alilichukua neno hilo kuwa ni ukumbusho uliomfikia kupitia kinywa cha mwizi, na akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika, ili siku nyingine akiporwa asibaki mtupu.

Yafaa kuzingatia kwamba Ghazali alikuwa ameshatenda mengi zaidi ya mwenye alamisho. Alisafiri, alisikiliza, aliandika kwa mkono wake. Karatasi zake zilibeba maneno yenyewe. Iwapo mtu wa namna hiyo alistahili kuchekwa, mtu aliyebeba orodha ya milango ambayo hajaigonga atasemaje? Mwizi wa leo hana haja hata ya kuupora mfuko. Anauacha kwa mwenyewe, anachukua kilichomo, na mwenye mfuko anaendelea kuubeba kwa miaka, akihisi uzito na kudhani ni mali.

Na uzito huo ni wa kweli. Hapa ndipo swali linapokuwa la maadili. Alamisho haili nafasi. Elfu tatu zake huingia katika faili dogo kuliko picha moja ya simu. Kwa hiyo nasaha za kupunguza vitu nyumbani hazimgusi mwenye alamisho. Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014, huwataka watu wakishike kila kitu mkononi na kubakiza kile tu kinachowapa furaha. Anwani haishikiki, na wala haimbani mtu chumbani. Gharama yake iko kwingine. Kila alamisho ni ahadi ambayo mtu amejipa, na ahadi ni deni. Anayetoa ahadi tano na kuzitimiza tatu ni mtu wa kawaida. Anayetoa ahadi elfu tatu na kutimiza mia moja amejizoesha kutoa neno bila kulikusudia. Na mazoea hayo hayana mpaka unaoyazuia yasitoke kwenye kioo cha kompyuta yakaingia katika maisha mengine. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, alimwonya rafiki yake Lucilius kwamba wingi wa vitabu huitawanya akili. Yeye alikuwa akisema juu ya vitabu ambavyo mtu anavyo. Vitabu ambavyo mtu anakusudia tu kuwa navyo vina nguvu zaidi ya kutawanya, maana havina mwisho.

Tena kuna ghururi inayoingia polepole. Kitendo cha kubonyeza ile nyota huipa nafsi utulivu ule ule ambao zamani uliletwa na kusoma. Hamu imezimwa kabla ya kushibishwa. Huenda mtu angeisoma makala hiyo usiku ule ule lau asingekuwa na pahali pa kuiweka. Wale waliotumia mikahawa ya intaneti mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, watakumbuka jinsi hali ilivyokuwa: mashine ilikuwa ya wote, saa ilihesabiwa kwa shilingi, na hakuna aliyeweza kuacha alamisho zake akazikuta kesho. Aliyepata ukurasa mzuri aliusoma pale pale, au aliulipia uchapishwe, au alichomoa daftari na kunakili kwa kalamu. Ilikuwa taabu, na si haki kuitamani taabu hiyo irudi. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lile, kwa udogo wake, lilikuwa na maneno yenyewe.

Mpaka hapa ingedhaniwa kwamba hukumu imekwisha kupita: zifutwe zote, mtu apumue. Wapo wanaofanya hivyo, na wanasimulia kwamba hawakumbuki hata moja katika walizozifuta. Hoja hiyo ina nguvu kwa mtu na nafsi yake. Ila inasahau kwamba baadhi ya vitu vilivyoko katika orodha si vya mwenye orodha peke yake.

Tungo za Muyaka bin Haji zinasomwa leo kwa sababu kuna mtu aliyekataa kuziacha zipite. Muyaka alifariki Mombasa mnamo mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa ya hapo kwa hapo: ya siasa, ya mapenzi, ya kujibizana, si aina ya maneno ambayo watu hudhani yatahitajiwa na wajukuu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya kutoka vinywani na kumsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuziandika na kuzifafanua. Karatasi hizo zilifika London, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka. Mohamed Hassan Abdulaziz akaitolea kitabu chake Nairobi mwaka 1979. Mlolongo wote huo unaning'inia juu ya mzee mmoja aliyeona kwamba kitu hiki, ambacho yeye hana faida nacho ya leo wala ya kesho, hakistahili kupotea.

Lakini na itazamwe Mwalimu Sikujua alihifadhi nini. Angaliweza kuandika kwamba shairi kadha linajulikana na mzee kadha, katika mtaa kadha wa Mji wa Kale. Hiyo ingalikuwa alamisho kamili, yenye jina na anwani. Na mzee yule angalifariki, na orodha ingalibaki ikielekeza kaburini. Mwalimu aliliandika shairi lenyewe, kwa maneno yake, pamoja na kisa chake. Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya anayekusanya na anayelimbikiza, wala haipimwi kwa wingi wa vitu. Mkusanyaji huyatwaa maneno, nayo yakawa mzigo wake wa kuyalinda. Mlimbikizaji huridhika kujua yaliko.

Kutokana na hayo, anayekaa kuzipanga alamisho zake angefanya vyema kutozigawa kwanza kwa mada, kama vivinjari vinavyomshawishi kwa zile folda zao, bali kwa haki iliyomo ndani ya kila moja. Atakuta, kwa jumla, mafungu matatu.

La kwanza ni milango: kamusi anayoitumia kila siku, benki, gazeti, maktaba. Hii haihitaji falsafa. Ni michache, hujulikana kwa kutumika, na ile ambayo haikufunguliwa kwa mwaka mzima si mlango tena.

La pili ni ahadi, yaani yale ya kusoma baadaye. Hapa uadilifu unadai moja kati ya mambo mawili: isomwe au iachiliwe. Kila alamisho ina tarehe yake, na kivinjari kikitakiwa kuitoa orodha nzima huiandika katika faili moja, kila anwani ikiwa na wakati wake, uliohesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. (Kichwa cha faili hilo hata leo hutaja jina la Netscape, kivinjari kilichoachwa mwaka 2008: alama imeishi kuliko aliyeibuni.) Ahadi iliyokaa miaka minane haijachelewa, imekwisha kujibiwa, na jibu ni hapana. Kuifuta ni kukiri tu. Watu huogopa kukiri huko kwa kuwa wanadhani wanaitupa elimu, kumbe wanachokitupa ni sura yao wenyewe waliyokuwa wakiitazama kwa mbali. Mtu aliyekubali kwamba hatajifunza Kiajemi hajapungukiwa na Kiajemi. Amepata nafasi ya kukijua vizuri Kiamu.

Fungu la tatu ni amana, na ndilo dogo kuliko yote. Humo mna ukurasa wa mshairi wa kijijini ambaye tenzi zake hazikuchapishwa popote. Mahojiano na fundi wa majahazi. Orodha ya maneno ya Kipemba aliyoikusanya mwalimu mstaafu. Sauti ya bibi akiimba nyimbo za harusi. Itasemwa kwamba hakuna haja ya kuyaweka haya, kwa kuwa injini za utafutaji zitayatoa yakihitajika. Injini hutafuta kilichopo, na kwa anayejua la kuuliza. Kilichokwisha kuzimwa hakitafutiki, na aliyesahau kwamba kulikuwa na shairi hawezi kuuliza liko wapi. Kwa lugha kubwa, ukurasa mmoja ukifa yapo mia yanayofanana nao. Kwa lahaja za visiwani, ukurasa mmoja unaweza kuwa ndio wote.

Amana haitoshi kuachwa kama anwani. Maneno yanakiliwe, pamoja na jina la mtunzi, tarehe na mahali yalipotolewa, yawekwe katika faili linaloweza kufunguliwa na mashine yoyote, na ikiwezekana yachapwe karatasini. Ukurasa wenyewe unaweza kukabidhiwa Internet Archive, ghala lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2001, ambalo hupokea anwani kutoka kwa yeyote na kuweka nakala yake. Ijapokuwa nalo ni ghala la watu, na halifai kuwa tegemeo pekee. Kunakili kwa ajili ya kulinda si ruhusa ya kuchapisha: shairi lina mwenyewe, na mlinzi wa amana haigeuzi mali yake. Bora zaidi ya yote, mtunzi akiwa hai, aandikiwe, aulizwe, aambiwe kwamba kazi yake ina msomaji. Alamisho nyingi zingepata maana kama zingegeuzwa kuwa barua moja tu.

Kazi hii si ya siku moja, na anayeianza kwa pupa huishia kufuta asichopaswa kukifuta, au kuchoka na kurudi alikotoka. Kumi kwa siku zatosha. Baada ya mwaka, aliyekuwa na elfu tatu atakuwa amezipitia zote, na yumkini atabaki na milango ishirini, ahadi saba au nane ambazo sasa anaweza kuzitaja kwa moyo, na amana arobaini zilizonakiliwa.

Linabaki jambo moja ambalo wapangaji wa alamisho hawapendi kulifikiri. Orodha hizo hukaa nyuma ya neno la siri, na mwenye neno la siri hatoki nalo kaburini kulitaja. Wazee waliacha masanduku. Warithi wakayafungua, na hata asiyejua kusoma herufi za Kiarabu alijua kwamba karatasi zile ni kitu. Warithi wa leo watakuta simu iliyofungwa. Basi anayeandika wosia wake, akiisha kutaja nyumba, mikarafuu na madeni, naaongeze mstari mmoja: faili la amana liko wapi, na nani akabidhiwe. Zile ahadi zisizotimizwa hazina haja ya kurithiwa na mtu.